Kwa Vijana Wetu Wanaokwenda Atitlán

Wanangu,

Mchungaji ameniomba niseme nanyi kabla hamjapanda ndege kwenda Guatemala. Mmejiandaa vizuri. Mmefunga na kuomba, mmeuza maandazi na sambusa kila Jumapili kutafuta nauli, na wazazi wenu wamejinyima. Sina la kuongeza juu ya hayo. Langu ni juu ya siku mtakazokuwa kule, katika miji ile midogo inayozunguka Ziwa Atitlán, mkiwa wageni wa kanisa ambalo hamjawahi kuliona.

Wengi wenu mlizaliwa Nyarugusu, au mlibebwa mgongoni kuingia pale. Mlikuwa wadogo, hamkumbuki. Sisi tuliokimbia kutoka Fizi na Uvira, kule Kongo, mwaka 1996 tulikaa kambini Kigoma miaka mingi, na katika miaka hiyo tulipokea timu nyingi za misheni. Vijana kama ninyi, wenye fulana za rangi moja, wenye magitaa na masanduku ya nguo. Baadhi yao nawaombea kwa majina hadi leo. Wengine nawakumbuka kwa kamera zao tu. Nimejiuliza mara nyingi tofauti yao ilikuwa nini, maana wote walimpenda Yesu, sina shaka juu ya hilo. Kuna kundi lililohubiri siku tatu mfululizo kwenye kanisa letu la matofali mabichi bila kumuuliza mchungaji wetu hata mara moja kundi lake linahitaji neno gani. Mchungaji yule alikuwa amezika nusu ya washirika wake njiani. Alikaa kwenye benchi la nyuma kanisani mwake mwenyewe, akapiga makofi, akashukuru. Na kuna dada mmoja aliyekuja na kundi jingine, hakupanda madhabahuni hata siku moja. Alikaa na akina mama wakichambua maharage, akajifunza tenzi zetu, akauliza habari za watoto tuliowapoteza, akanyamaza tulipokuwa tunajibu. Alipoondoka kambi nzima ilimsindikiza.

Ndiyo sababu nawaambia: mnakwenda kwenye kanisa lililokuwepo kabla yenu, lenye wazee wake, na kazi yenu ni kukaa chini ya wazee hao. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Msidhani mnaipeleka Injili mahali isipojulikana. Wapresbiteri walifika Guatemala mwaka 1882, rais Justo Rufino Barrios alipofungua mlango. Na Wakatoliki walikuwa pale karne tatu na zaidi kabla yao. Leo ukipita barabara za milimani, utaona kanisa la kiinjili karibu kila kijiji, mengine mawili au matatu yakitazamana, na usiku vipaza sauti vinasikika bonde zima. Watu hawa wanajua kufunga. Wanajua mkesha. Mtakutana na mabinti wa umri wenu wanaoamka alfajiri kuombea wagonjwa kabla ya kwenda kusaga mahindi. Mkifika, mwambieni mchungaji wao: tumekuja, tutumie unavyotaka. Akiwapa fagio, fagieni. Akiwaomba wimbo, imbeni wimbo mmoja, si kumi, kisha mrudi mkae pamoja na washirika. Katika makanisa mengi ya vijijini wanaume hukaa upande mmoja na wanawake upande wa pili. Tazameni kwanza, ndipo mchague kiti. Mabinti, bebeni sketi ndefu na kitambaa.

Sasa habari ya lugha. Nimewasikia mkijifunza Kihispania kwenye simu zenu, na nimefurahi. Mna bahati ambayo Waamerika wenzenu hawana: irabu za Kihispania ni tano, na zinatamkwa kama zetu za Kiswahili. Someni Zaburi moja kwa sauti kutoka Biblia ya Reina-Valera, ile inayotokana na kazi ya Casiodoro de Reina ya mwaka 1569, na mtashangaa jinsi ulimi unavyokubali. Kwa mtu mzima semeni "usted", wala msizoee ile namna ya kuongea na rika lenu. Kwenu mtoto haingii nyumbani bila kumwamkia mkubwa, basi na kule ni hivyo hivyo: salamu kwanza, hata kwa mtu mnayepishana naye njiani. Mkipita mahali watu wanakula, waambieni "buen provecho".

Lakini kuna jambo ambalo simu haikuwaambia. Pale mnapokwenda, kwa watu wengi Kihispania si lugha waliyonyonya. Guatemala ina lugha zaidi ya ishirini za Wamaya. Santiago Atitlán wanaongea Kitz'utujil, ng'ambo nyingine za ziwa Kikaqchikel, na Kik'iche' hakiko mbali. Bibi mzee mtakayemwombea anaweza asielewe Kihispania chenu hata kikiwa kizuri namna gani, kwa sababu hata kile cha redio anakielewa nusu. Ninyi mnapaswa kulifahamu hili upesi kuliko timu nyingine yoyote. Nyumbani kwetu tulihubiriwa kwa Kiswahili, tukaimba kwa Kiswahili, na Kiswahili kimetubeba hadi huku Marekani. Lakini mama yangu alipokuwa anakata roho alisali kwa Kibembe.

Mwaka 1917 kijana wa Kimarekani, Cameron Townsend, alikwenda Guatemala kuuza Biblia za Kihispania. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Alikuta Wakaqchikel wengi hawawezi kuzitumia. Angeweza kuuza alizokuwa nazo na kurudi kwao. Akakaa, akajifunza lugha yao, na Agano Jipya la Kikaqchikel likachapishwa mwaka 1931. Hesabuni wenyewe hiyo ni miaka mingapi.

Na yuko mwingine, ambaye hakuwa wa dhehebu letu, lakini nataka mmjue kwa sababu mtapita mbele ya kanisa lake. Stanley Rother alikuwa mtoto wa mkulima kutoka Okarche, Oklahoma. Seminari ya kwanza ilimrudisha nyumbani kwa sababu Kilatini kilimshinda. Mwaka 1968 alifika Santiago Atitlán akiwa padri, na mtu yule aliyeshindwa na Kilatini akajifunza Kihispania, kisha Kitz'utujil, akashiriki kazi ya kutafsiri Agano Jipya katika lugha hiyo. Alilima na watu, maana kulima alikujua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikali jina lake likawa katika orodha ya wanaotafutwa kuuawa, akaondoka mwanzoni mwa 1981. Akarudi kabla ya Pasaka. Usiku wa tarehe 28 Julai mwaka huo wakamuua ndani ya nyumba ya mapadri. Mwili wake ulirudishwa kwao Oklahoma, lakini Watz'utujil waliomba moyo wake ubaki, na upo pale hadi leo. Mwaka 2017 kanisa lake lilimtangaza mwenye heri. Mkifika Santiago Atitlán, ingieni mle kanisani kwa adabu. Msianze ubishi wa madhehebu mbele ya watu waliompoteza rafiki yao.

Lazima niseme kidogo juu ya vita hivyo, kwa kuwa mkienda bila kuvijua mtawaumiza watu msijue. Vilianza mwaka 1960, vikamalizika kwa mkataba wa amani Desemba 1996. Sisi tulikuwa tunakimbia Kivu mwaka huohuo ambao wao walikuwa wanatia sahihi. Tume ya ukweli ilitoa ripoti mwaka 1999: watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotea, wengi mno wakiwa Wamaya, na sehemu kubwa kabisa ya maovu ilifanywa na majeshi ya serikali yao wenyewe. Na kuna sehemu inayotuhusu sisi wa makanisa ya kiroho, nayo ni chungu. Efraín Ríos Montt, jenerali aliyeshika nchi mwaka 1982 wakati vijiji vya Wamaya vikichomwa moto, alikuwa muumini na mwalimu katika kanisa lililoanzishwa na wamisionari kutoka California. Wamisionari hao walikuja kusaidia baada ya tetemeko la Februari 1976, lililoua watu kama 23,000. Walikuja na nia njema. Jenerali yule alihubiri kwenye televisheni kila Jumapili, na ndugu wengi wa Marekani walimshangilia kwa sababu alisema maneno yetu. Mwaka 2013 mahakama ya nchi yake ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Siku chache baadaye hukumu ikafutwa na mahakama ya katiba, na alikufa mwaka 2018 kabla kesi haijamalizika. Kwa hiyo mtu akiwaona mmeshika Biblia, mnatoka Marekani, na akakaa kimya, msiseme ana moyo mgumu. Kaeni naye. Msimuulize habari za vita. Akitaka kuwaeleza ataeleza mwenyewe, kama mama zenu wanavyoeleza, usiku, bila kuulizwa.

Kule Panabaj, karibu kabisa na Santiago Atitlán, Oktoba 2005 kimbunga Stan kilileta mvua, mlima ukaporomoka usiku na tope likafunika kijiji na mamia ya watu. Wengi hawakufukuliwa. Mtapita hapo, na itawezekana aliyewaalika chakula ana ndugu chini ya udongo ule. Msipige picha.

Na nikisema picha, nisikilizeni hasa ninyi wenye mikono myepesi. Msipige picha ya mtoto yeyote bila ruhusa ya mzazi wake, wala msimnyanyue mtoto msiyemjua hata akiwa mzuri kiasi gani. Guatemala imeteseka kwa watoto kuibwa na kupelekwa nje kwa jina la kuasiliwa, hata sheria mpya ya mwishoni mwa 2007 ikaufunga mlango huo. Hofu yake bado iko tumboni mwa watu. Mwaka 1994 mwanamke wa Kimarekani alipigwa karibu kufa katika mji wa San Cristóbal Verapaz kwa sababu ya uvumi wa wizi wa watoto, na mwaka 2000 kule Todos Santos Cuchumatán mtalii wa Kijapani na dereva wa basi la watalii waliuawa na umati. Siwatishi. Watu wa Atitlán wamezoea wageni na watawapokea kwa wema. Lakini mimi mwenyewe najua ilivyo kuona mtoto wako akipigwa picha akiwa hana kaptula, kisha picha hiyo inakwenda usikojua. Mwanangu huyo leo ni mtu mzima, na mahali fulani duniani pengine bado anatumika kuchangisha pesa.

Kazi ya mikono mtapewa: kuchanganya zege, kubeba matofali ya saruji, labda kujenga majiko yenye bomba la kutolea moshi, maana akina mama wale wanavuta moshi wa kuni tangu utoto. Fanyeni kwa bidii, lakini msichukue kazi ya fundi wa pale. Kijiji kina waashi wanaotafuta kibarua. Kama mfuko wenu una pesa ya kutosha, mwambieni mchungaji awaajiri hao, ninyi muwe wasaidizi wao wa kubeba maji na mchanga. Ukuta utanyooka, na nyumba fulani itapata mshahara. Pesa ya sadaka ipitie kwa mhazini wa kanisa lao, hadharani. Msimpe mtu mmoja pembeni kwa sababu ameongea vizuri nanyi. Mtaondoka, na ugomvi utabaki pale. Sokoni, mkinunua nguo iliyofumwa kwa mkono, msibane bei mpaka mama wa watu akose faida. Amekaa kwenye kitanda chake cha kufumia wiki nyingi.

Chakula msikatae. Watawapa chapati za mahindi, mahindi yaliyochemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, na mkibahatika mtawekewa kuku. Mnajua kuku wa mgeni anatoka wapi na nani hatakula siku hiyo. Kuleni, mshukuru, mwache kingine kwenye sahani kwa ajili ya watoto. Maji tu ndiyo muwe wakali: ya kuchemsha au ya chupa. Na bebeni sweta. Ziwa liko juu ya mita 1,500, na asubuhi kuna baridi ileile ya Bukavu.

Neno dogo kwa wale ambao bado hamjapata uraia: hati ya safari ya mkimbizi si pasipoti. Ulizeni mapema ubalozi wa Guatemala kama mnahitaji viza, na mhakikishe mtaruhusiwa kurudi. Msiache jambo hili mpaka wiki ya safari.

Mkirudi mtataka kutoa ushuhuda kanisani, na tutawapa nafasi. Kabla ya hapo, kuna jambo naomba mlifanye. Katika jengo hili tunaloabudia, asubuhi kabla yetu kuna ibada ya Kihispania. Tunapishana nao mlangoni kila Jumapili, tunasalimiana kwa kutikisa kichwa, na miaka inapita. Baadhi yao wametoka milima hiyohiyo. Wanasimama na baba zenu kwenye mstari mmoja kule kiwanda cha nyama, usiku kucha, na hawajui majina ya watoto wa wenzao. Wengine hawana makaratasi na wanaogopa kila gari linalopunguza mwendo. Nendeni kwao kwanza. Ketini kwenye ibada yao, waelezeni mlikuwa wapi, waulizeni kwao ni kijiji gani. Mchungaji wao nimeshaongea naye. Anawangoja Jumapili ya kwanza baada ya safari, saa tatu asubuhi.