Kambale Mmoja Si Ushahidi

Wajukuu wangu, mnakwenda kupima uhai wa vijito vinavyoingia mto Simiyu. Nendeni, maana maji ya kwenye chupa hueleza hali ya siku hiyo tu, bali wadudu waliokulia chini ya mawe hueleza majuma na miezi iliyopita.

Kwanza pigeni hodi ofisi ya kijiji na kwa afisa uvuvi. Wavu wa matundu madogo bila kibali utawaletea kesi. Vaeni mabuti marefu. Mkoa wetu una kichocho, na vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini vikapenya ngozi. Konokono hao nao waandikeni.

Anzeni chini mkipanda juu, msije mkatibua maji mnayoyaendea. Wavu uukabili mkondo, nanyi mvuruge mawe mbele yake. Kila kituo kipeni muda uleule, hata mkichoka. Wavu ukitoka mtupu, andikeni sifuri. Samaki mshikeni kwa mikono iliyolowa, ute wake usibanduke, kisha mrudisheni majini.

Msiharakishe kuhukumu. Kambale huvuta hewa ya juu, hivyo huishi kwenye dimbwi lililowaua wenzake. Funza wekundu wa topeni nao huvumilia maji yenye oksijeni kidogo. Watafuteni wasiovumilia, hasa vile vidudu vyenye mikia mitatu myembamba vinavyong'ang'ania mawe. Vikiwapo juu ya mashamba ya pamba na kukosekana chini yake, ulizeni bomba za dawa huoshewa wapi.

Samaki aitwaye ningu msipomwona kiangazi, rudini masika. Yeye hupanda mito kutoka Ziwa Victoria mvua zikijaa, aende kutaga. Nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito zilimnasa akiwa na mayai, na ndiyo sababu kubwa ya kupungua kwake tangu karne iliyopita. Mkimpata, hata mmoja mdogo, andikeni mahali na tarehe kwa uangalifu.

Kisha msifungie daftari kabatini. Lisomeni kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kisukuma, na sinia la wadudu liwe mezani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini anayelima hapo ana watoto wa kulisha. Mwonyesheni kwanza kilichopotea kijitoni kwake, ndipo mzungumze naye habari za mita.