Hati za Mashamba na Nasaba za Watu

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno haya ni kweli, lakini si kweli yote. Ipo mali iliyopotea kwa sababu ya daftari lenyewe, na wapo watu waliosahauliwa kwa kuwa majina yao hayakuandikwa mahali ambapo majina ya wengine yaliandikwa. Kwa hiyo mtu atafutaye nasaba ya ukoo wake katika hati za ardhi yampasa kujiuliza swali moja kabla ya kufungua jalada: hati ni shahidi wa nani?

Tutazame viunga vya Dar es Salaam. Kabla mji haujaenea, mahali paitwapo leo Kinondoni, Msasani na Temeke palikuwa na vijiji na mashamba ya Wazaramo na Washomvi, yenye minazi, miembe na mihogo. Sultani Majid bin Said wa Unguja alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, aliwakuta wenyeji wenye mila zao za ardhi. Watu wa pwani waliijua hati. Waliiandika kwa herufi za Kiarabu mbele ya mashahidi, mali ilipouzwa au kuwekwa rehani. Lakini mtu aliyefyeka pori, akapanda, akawazika wazazi wake pale pale, hakuwa na sababu ya kujiandikia. Ushahidi wake ulikuwa makaburi, miti, na jirani aliyeujua mpaka.

Ndipo ikaja dola iliyoamini karatasi kuliko makaburi. Tarehe 26 Novemba 1895 amri ya Kaisari wa Ujerumani iliifanya ardhi ya koloni kuwa mali ya Serikali, ila ile ambayo mtu, mkuu wa kienyeji au jamii iliweza kuthibitisha haki juu yake. Waingereza, kwa sheria ya 1923, waliifanya ardhi kuwa ya umma, isipokuwa ile iliyokwisha kuwa milki halali ya mtu. Mwaka 1928 wakaongeza kuwa mwenyeji atumiaye ardhi kwa mila ahesabiwe kuwa na haki ya kuikalia. Haki ya kuikalia haikuwa milki, na tofauti hiyo ilipimwa mahakamani na Mshomvi mmoja, Mtoro bin Mwamba, aliyetaka ardhi iliyo karibu na mji iandikwe kuwa milki yake kamili. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilimkatalia. Ilisema kuwa mila ya Washomvi humpa mtu haki ya kuitumia ardhi, haimpi ardhi yenyewe.

Tuangalie vema kilichokataliwa. Mahakama ilikana aina ya milki. Haikukana kuwa watu walilima na kuzaliana pale. Lakini mjukuu atakayetafuta katika daftari la wenye milki hataliona jina hilo, na akiwa mwepesi wa hukumu atasema kuwa ukoo haukuwako. Jina limehifadhiwa katika kesi iliyoshindwa, si katika daftari lililoshinda.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Ireland, ofisi ya kuandikisha hati za ardhi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1707 ikaanza kazi Dublin mwaka 1708, wakati ambapo sheria iliwazuia Wakatoliki, waliokuwa wengi wa wakulima, kununua ardhi au kuikodi kwa zaidi ya miaka 31. Hivyo mkulima wa kawaida huonekana kwa nadra kati ya wauzaji na wanunuzi. Watafutaji wa nasaba wamejifunza kumtafuta pembeni: katika maelezo ya mpaka, ambako jirani hutajwa, katika orodha ya waliokuwa wakilima shamba lilipouzwa, na katika mikataba mingine, katika majina ya watoto ambao uhai wao ulikuwa kipimo cha muda wa mkataba. Nyumba ya kumbukumbu za Serikali ilipoteketea Dublin mwaka 1922, hati hizo zilizobaki ziliongezeka thamani.

Usomaji huo wa pembeni watufaa sisi pia, lakini una mitego yake. Hati hutaja fulani bin fulani, hali Wazaramo kwa desturi yao ya asili walihesabu ukoo kwa mama. Afuataye neno bin pekee atashika tawi moja akaliita mti. Tena, pwani mtu aliweza kuwa na minazi juu ya ardhi ya mwingine. Aisomaye hati ya kuuza minazi kana kwamba ni hati ya kuuza kiwanja huwanyang'anya wenyewe kwa mara ya pili.

Hapa ndipo elimu inapokuwa jambo la maadili. Katika Kinondoni na Temeke ardhi ina bei kubwa, na nasaba iandikwayo leo yaweza kuwa dai kesho. Mwaka 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kuwa haki ya ardhi kwa mila ni mali ilindwayo na Katiba. Hukumu hiyo iliwapa heshima wasio na karatasi. Lakini yaweza pia kumshawishi mtu kujaza ukimya wa karatasi kwa tamaa yake. Ukimya wa hati si kanusho, wala si ruhusa ya kusema lolote. Na yule aliyenunua kiwanja kwa karatasi iliyoshuhudiwa na mjumbe tu, akazaa na kuzika pale, naye ana historia. Haki ya waliotangulia haithibitishwi kwa kumfuta yeye.

Wajibu wa mwisho ni wetu tuandikao leo. Sheria ya Ardhi ya 1999 yasema kuwa haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Hata hivyo si nadra nyumba iliyojengwa na wawili kuandikwa jina moja. Mjukuu wa karne ijayo atasoma jina hilo moja. Tukiwalaumu makarani wa zamani kwa walioachwa nje, yatupasa tusiwafanyie vivyo hivyo mama zetu, dada zetu na wake zetu, ambao tunajua majina yao na kalamu tunayo mkononi.