Wanakimbilia Wapi?

Kijiweni kwetu, kahawa ikishamiminwa mara ya pili, siasa huanza. Mwaka 2021, serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, tulibishana hadi adhana ya magharibi. Kijana mmoja, fundi simu, alishikilia neno lake: "Ukipandisha kodi, watu wanakimbia. Hesabu nyepesi hiyo, mzee." Aliyekuwa akiambiwa, karani mstaafu, alishusha kikombe akauliza: "Wanakimbilia wapi, mwanangu?" Kijana alinyamaza, akachukua kashata.

Swali lile limenikaa. Sentensi ya kijana niliijua, maana niliwahi kuiamini kwa moyo wote, na aliyenifundisha namkumbuka. Ni gemu.

SimCity ilitoka mwaka 1989. Nilikutana nayo miaka kadhaa baadaye kwenye kompyuta ya ofisini kwa mjomba, jioni, watu wakishaondoka. Kwenye kiwango chepesi unapewa dola 20,000, ardhi tupu, na mwaka 1900. Unapanga viwanja vya makazi, biashara na viwanda, unavuta umeme, unajenga barabara, unasubiri. Kiwanja kisicho na umeme kinapepesa alama ya radi. Kodi inaanzia asilimia 7. Siku moja nikaipandisha hadi 20. Hazina ilijaa, kisha nyumba zikaanza kutoweka moja moja, viwanja vya makazi vikabaki na herufi R peke yake. Nikairudisha 7, watu wakarudi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilitoka pale nikijiona nimeelewa kodi.

Nilichokuwa nimekielewa ni fikra za aliyelitunga. Will Wright, alipokuwa akitengeneza gemu lake la vita la mwaka 1984, Raid on Bungeling Bay, aligundua kwamba kuvichora visiwa kulimfurahisha kuliko kuvipiga mabomu. Akaanza kusoma habari za miji, akafika kwenye kazi za Jay Forrester, mhandisi wa MIT, aliyechapa kitabu cha Urban Dynamics mwaka 1969 baada ya kuzungumza sana na John Collins, aliyekuwa meya wa Boston. Forrester aliuweka mji ndani ya kompyuta, akaona kwamba kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu huudhoofisha mji kadiri miaka inavyokwenda. Baadhi ya waliompinga walinyooshea kidole mahali pamoja: mji wake umesimama peke yake. Nje ya mpaka wake hakuna vitongoji wala mji jirani. Kuna nafasi isiyo na kikomo tu, watu hutokea huko na huishia huko. Akishavuka mpaka, mtu hahesabiwi tena.

Kitabu kikikwambia jambo, unaweza kukibishia ukurasa kwa ukurasa. Gemu halikwambii kitu. Linakuachia usukani, unapandisha kodi kwa mkono wako, na nyumba zinatoweka mbele ya macho yako. Kiswahili chenyewe kimelificha jambo hili ndani ya neno: maoni yametoka kwenye kuona. Ndiyo maana mtu hukasirika maoni yake yakiguswa, kwa kuwa anahisi unamwambia macho yake ni mabovu. Macho yake huenda ni mazima kabisa. Cha kuulizwa ni nani aliyepanga kitakachoonekana, na alikatia wapi ramani.

Ndani ya SimCity kubomoa kunagharimu dola 1. Unabonyeza nyumba, kinasikika kishindo, kinabaki kifusi, unabonyeza tena, kifusi kimekwisha. Hakuna anayetoka mlangoni na godoro kichwani. Mimi nilibomoa mitaa mizima nipate barabara iliyonyooka, na sikuwa mtoto katili.

Vibanda vilipoondolewa kando ya barabara yetu, asubuhi yake nilimkuta mama lishe ninayekula kwake amekaa juu ya benchi lake, jiko la mkaa miguuni, sufuria ya maharage bado imefunikwa. Nikamuuliza anahamia wapi. "Kaka yangu, sehemu tumeonyeshwa. Lakini watu wangu wa chai wanapita hapa." Barabara ilipendeza kweli siku ile, na mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kusema kijiweni kwamba vibanda vile viondoke. Niliusema mji wangu wa kichwani, ule ambao mtu akivuka ukingo wa ramani amekwisha.

Simlaumu Wright. Bila kupunguza mambo hakuna kinachofikirika, na hata ramani ya Dar es Salaam ina maana kwa sababu haina watu wote ndani yake. Tena gemu lile limefanyiwa jambo ambalo maoni yetu hatuyafanyii. Mwaka 2008 msimbo wake uliachiwa wazi kwa jina la Micropolis, jina alilokusudia Wright tangu mwanzo. Mwenye kujua lugha ya kompyuta anaweza kuufungua, akatafuta pale kodi inapowafukuza watu, akabadilisha namba. Imani ya utotoni mwangu imo humo, mistari michache iliyopigwa chapa na binadamu. Maoni ya kijiweni hayana faili la kufungua. Lakini swali la yule mzee lilifungua kitu, nadhani, kwa sababu baada ya kama wiki moja fundi simu alirudi akakaa karibu naye, si upande wake wa kila siku.

"Mzee, nimelifikiria lile swali. Mimi mwenyewe sijakimbia popote. Hela ya mama sasa nampa kondakta wa basi la Tanga."

Mzee alitikisa kichwa polepole, akamsogezea kikombe.

"Na huyo kondakta," akauliza, "anakata shilingi ngapi?"