Je, Kukagua ni Kutoaminiana?

Hapa Bujumbura twajivunia jambo moja: tarehe 15 Julai 2009 Burundi ilikuwa nchi ya 28 kuuidhinisha Mkataba wa Pelindaba, unaokataza silaha za nyuklia barani Afrika, nao ukaanza kutumika.

Lakini ikiwa ahadi ni deni, mbona wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hupima urani na kulinganisha daftari na ghala? Je, si kumdharau aliyeahidi? La. Msimamizi wa mtihani hamtusi mwanafunzi mwaminifu. Huilinda heshima ya alama zake.

Ila mkaguzi asiseme zaidi ya alichopima, wala asifiche alichoona. Mwaka 2003 wakaguzi walitamka kwamba hawakuona ushahidi wa Iraki kufufua mpango wake wa nyuklia. Hawakusikilizwa, vita vikazuka. Basi deni ni la wawili: mkaguzi kusema kweli, na msikilizaji kuipokea.