Tairi Kipara

Nilipobadilisha tairi za gari langu hapa Ruponda, jirani aliniomba zile kuukuu. Pikapu yake hubeba abiria kwenda Nachingwea. Zilikuwa vipara, nyuzi zimeanza kuchungulia. Nilisita. Kumnyima mwenzangu kitu nisichokihitaji ni uchoyo. Lakini ikiwa nilizivua kwa kuhofia roho yangu, nitaiitaje zawadi hatari niliyoikimbia? Mifereji ya tairi ndiyo hutoa maji barabara inapolowa. Ikiisha, gari huteleza, na abiria hakuulizwa. Basi nilizipeleka kwa fundi wa katambuga, akazikata. Jirani alininunia. Baadaye nilimchangia fedha ya tairi moja nzima. Nadhani msaada ni kumpa mwenzio kile ambacho wewe mwenyewe ungekitumia bila hofu.