Mtoto Huyu Ana Haki Kwetu



Abdullah ibn Ummi Maktum (r.a.) alikuwa kipofu. Alipomjia Mtume (s.a.w.) kuuliza dini, Mtume alikuwa na wakubwa wa Makureshi, akakunja uso. Hapo ikateremka Sura Abasa, ya 80. Baadaye kipofu huyo akawa mwadhini Madina pamoja na Bilal, na Mtume akitoka vitani alimwachia mji. Hakupewa sadaka akaachwa mlangoni, alipewa kazi!

Tuje hapa Buluk. Mtoto anazaliwa nyayo zimepinda ndani. Akifungwa plasta tangu wiki za kwanza, ikibadilishwa kila wiki, mara nyingi mguu hunyooka bila upasuaji mkubwa. Kisha huvaa viatu maalumu usiku kwa miaka kadhaa. Akicheleweshwa, mambo huwa magumu. Juba tuna Hospitali ya Watoto ya Al Sabah, tuna na kituo cha viungo kinachosaidiwa na Msalaba Mwekundu. Lakini nani amwonyeshe mama njia? Kwenye chanjo atachomwa sindano tu, nyumbani ataambiwa ni kadari. (Neno hilo tumelifanya maficho ya uvivu wetu. Mtume alimwambia mtu amfunge ngamia kwanza, ndipo atawakali.)

Basi akinadada wapite nyumba kwa nyumba, wanafunzi wa udaktari waangalie nyayo, na daftari moja likae msikitini: nani kaenda wapi, arudi lini. Plasta ya wiki ya tatu mara nyingi hukatishwa na nauli ya boda. Nauli hiyo tuichange kila Ijumaa, kuanzia hii.