Mwanangu, Funga Kwanza

Mwanangu, nimeshakwambia na leo nakwambia tena: seva ikishapata anwani ya intaneti haikungoji uwe tayari. Chai haijapoa, wasiokujua wameshaanza kubisha. Kwenye Ubuntu yako fungua /var/log/auth.log usome mwenyewe: root, admin, test, oracle, jina baada ya jina, usiku kucha. Hakuna anayekuchukia. Ni programu tu, zinapita anwani zote zikijaribu kila kitasa.

Basi kabla ya kuweka hata ukurasa mmoja, washa ngome ikatae kila kinachoingia, ila poti 80 na 443 za wageni, na 22 yako wewe. Hiyo 22 iruhusu mapema, usije ukajifungia nje. Tena isikubali nywila. Tengeneza ufunguo wa ed25519, ingia nao kwenye dirisha la pili huku la kwanza likiwa wazi, ukifanikiwa ndipo uandike PasswordAuthentication no na PermitRootLogin no. Najua mteja anapiga simu. Mwambie asubiri.

Linaloniuma zaidi ni hiyo 777. Kila ukiambiwa huna ruhusa, unakimbilia chmod 777, tovuti inafunguka, unafurahi. Umempa kila mtumiaji wa mashine hiyo haki ya kuandika popote ulipoiweka. Siku fomu ya kupakia picha ikiwa na kasoro, mgeni ataleta faili la PHP badala ya picha, aliite kwa kivinjari, na seva imtii. Tulia, mwanangu. Mafaili 644, folda 755, mwenyewe uwe wewe, www-data asome tu. Folda ya picha peke yake ndiyo apewe kuandika, na humo PHP isiendeshwe kabisa. Faili la .env lenye nywila zako likae nje ya folda ya tovuti.

Cheti cha HTTPS hakina kisingizio. Let's Encrypt wanakitoa bure tangu 2015. Kwa kuwa kinaisha baada ya siku 90, acha certbot ikihuishe yenyewe.

Na masasisho usiyaahirishe. Machi 2017 kiraka cha programu ya Apache Struts kilitolewa kwa wote. Kampuni ya Equifax ya Marekani haikukiweka kila mahali, na Mei wezi wakaingia. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Dawa ilikuwepo tayari, mwanangu. Hilo ndilo linalonichosha.

Januari mwaka huohuo, maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi bila nywila zilifutwa, wenyewe wakakuta ujumbe wa kudaiwa bitcoin. Yako isikilize 127.0.0.1 tu.

Haya, vuta kiti. Andika sudo ss -tlnp, unisomee poti zote zinazosikiliza, moja moja. Ukiona 3306, poti ya hifadhidata, iko kwenye 0.0.0.0, tunaanzia hapo.